WASHINDANE KWA KIKOMBE, SI KWA MSHAHARA WETU

Ndugu wafanya kazi wa mahoteli na mikahawa,

Mtu akishuka matatu hapa Nakuru asubuhi, akatembea kidogo tu katika Kenyatta Avenue na njia zinazoikata, hana haja ya kuuliza kahawa yauzwa wapi. Pua yake itamwonyesha. Mlango huu una mkahawa, ng'ambo ya pili uko mwingine, na kila mmoja umeweka ubao njiani wa kumwita mpita njia: kikombe kimoja upewe cha pili bure, keki na chai kwa bei ya keki peke yake. Mpita njia husimama akacheka, akaingia penye bei rahisi. Sisi tulio nyuma ya ubao ule hatucheki, kwa sababu twajua hesabu ile italipwa na nani.

Kwa muda sasa wenzetu wamekuwa wakija katika ofisi ya tawi na malalamiko ya namna moja. Huyu ameambiwa aje kazini nusu ya siku kwa sababu jirani amepunguza bei. Yule amekatwa pesa za glasi. Mwingine amefanya kazi mwaka mzima akiitwa kibarua. Kila tajiri anapoulizwa hujibu kwa neno moja: "Ushindani." Basi leo twataka kulitazama neno hili vizuri, tuone ndani yake mna nini.

MJI WETU NA MIKAHAWA YAKE

Nakuru ni mji wa reli, na watu wa reli walikunywa chai. Hata leo wengi wetu hunywa chai ya maziwa asubuhi, na andazi au chapati. Kahawa twailima, lakini hatuinywi. Iko Subukia, iko Solai, na kwa miaka mingi karibu kahawa yote ya Kenya imepelekwa kuuzwa nchi za nje. Mkahawa wa namna hii mpya, wenye mashine ya kupiga mvuke na viti vya kukaa muda mrefu, ulianza kuenea Nairobi baada ya Java House kufungua mlango wake wa kwanza pale Adams Arcade mwaka wa 1999. Kutoka Nairobi desturi hiyo ikapanda Bonde la Ufa mpaka kwetu.

Halafu tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilipewa cheo cha jiji, la nne katika Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Cheo kikaleta majengo, na majengo yakataka wapangaji. Lakini jiji letu ni dogo. Hesabu ya watu ya 2019 ilionyesha Nakuru mjini ina watu karibu 570,000, na Nairobi ina zaidi ya 4,300,000. Katika hao wa kwetu, ni wangapi wawezao kutoa Shs. 300 kwa kikombe kimoja? Mtu wa Kaptembwo au Rhonda anayelipwa kwa siku hawezi. Wanaobaki ni watu wa ofisi, wasafiri wa barabara ya Kisumu na Eldoret, watalii wa ziwani, na wanafunzi wa vyuo wenye pesa kidogo mwanzo wa muhula. Watu hao hao ndio wanaogombaniwa na kila mlango. Mikahawa imeongezeka upesi kuliko wanywaji, na hapo ndipo vita vinapotoka.

Wapiganaji wa vita hivi ni wa namna tatu, na yafaa tusiwachanganye.

Wa kwanza ni makampuni yenye mikahawa mingi. Haya yana nguvu ya kungoja. Tawi la Nakuru likipata hasara miezi sita, matawi ya Nairobi yatalibeba. Wenye mali yenyewe huenda wako mbali sana. Java House, kwa mfano, imepita katika mikono ya makampuni ya mitaji zaidi ya mara moja tangu 2012, na mnywaji wa kahawa hakujua, kwa kuwa kikombe ni kile kile. Hatusemi haya kwa kuyatukana makampuni. Mara nyingi yana vitabu vya mishahara vilivyo wazi kuliko mtu mmoja mmoja. Twasema tu kwamba anayeamua idadi ya wafanya kazi wa Nakuru huenda hajapata kuiona Nakuru.

Wa pili ni tajiri wa hapa hapa, mwenye mkahawa mmoja au miwili. Ameweka pesa za uzeeni au mkopo wa benki. Kodi ya nyumba haimngoji, mashine ameinunua kwa deni, na umeme ukikatika maziwa yake yanaharibika. Yeye hana tawi la kumbeba. Akikosa usingizi si kwa uwongo.

Wa tatu ni mama wa kibanda na hoteli ya chai, yule anayetulisha sisi wenyewe kabla ya zamu. Huyu tajiri humwita mshindani wake anapotaka kumfukuzisha kwa askari wa kaunti. Sisi twasema hapana. Anywaye chai ya kibandani hakuwa aingie penye kahawa ya Shs. 300. Mama yule si adui wa mkahawa wala wa mfanya kazi.

Tena wako wengine waliojiunga kando: supamaketi zinazouza chakula kilichopikwa, vituo vya petroli vya barabara kuu, na makampuni ya kupeleka chakula kwa pikipiki, ambayo huchukua fungu lake katika kila bei. Wote hao wanavuta kitambaa kimoja kifupi.

HESABU YA KIKOMBE

Sasa tufanye hesabu. Tajiri hupenda kutuambia kwamba hatujui biashara. Haya, tuone. Hesabu hii ni ya mfano, na kila msomaji aweza kuweka bei za mkahawa wake.

Kilo moja ya kahawa iliyokaangwa ni gramu 1,000. Kikombe kimoja cha mashine hutaka kama gramu 18. Kwa hiyo kilo hutoa vikombe 55, na tukitoa kinachomwagika, tuseme 50. Kama kilo imenunuliwa kwa Shs. 2,000, kahawa iliyo ndani ya kikombe ni ya Shs. 40. Lita ya maziwa hutosha vikombe vitano. Ikiwa lita ni Shs. 100, maziwa ni ya Shs. 20. Jumla Shs. 60. Kikombe chauzwa Shs. 300. Katika hizo, Serikali huchukua kodi ya VAT ya asilimia 16, yaani kama Shs. 41. Zabaki karibu Shs. 200 za kulipa nyumba, umeme, maji, mashine, sukari, deni, faida, na sisi.

Je, sisi tumo humo kwa kiasi gani? Tuseme weita analipwa Shs. 18,200 kwa mwezi, na mwezi una siku 26 za kazi. Ni Shs. 700 kwa siku. Mtengeneza kahawa na mwosha vyombo wapate vile vile. Watu watatu, Shs. 2,100. Wakiuza vikombe 60 tu kwa siku, bila kuhesabu keki wala mayai, mishahara ya wote watatu ni Shs. 35 katika kila kikombe.

Sasa jirani ameweka ubao: kikombe kimoja upewe cha pili bure. Bei yake imeshuka kutoka Shs. 300 mpaka Shs. 150. Tajiri wetu naye, kwa hofu, anafanya vivyo hivyo, kisha anatugeukia ili azipate zile Shs. 150 alizozitupa. Akitukata nusu ya mshahara, amepata Shs. 17 na senti 50. Hata akitufanyisha kazi bure kabisa kama watumwa, amepata Shs. 35. Hawezi kuishinda vita hii kwa mfuko wetu, kwa sababu mfuko wetu ni mdogo mno. Lakini sisi nusu ile ikikatwa, watoto wanarudishwa kutoka shule na mwenye nyumba anafunga mlango kwa kufuli. Kwa tajiri ni tone katika ndoo, na kwetu ni ndoo yenyewe. Wazee walisema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Fahali hawa hata hawashibi kwa kutukanyaga.

NJIA ZINAZOTUMIKA KUTUKATA

Hakuna tajiri anayesimama mbele ya watu akasema, "Leo nimepunguza mshahara." Kuna njia za pembeni, na twataka kila mwanachama azijue.

Njia ya kwanza ni ukibarua usiokwisha. Mtu hulipwa kila jioni, au kila Jumamosi, na kila mwezi huambiwa kwamba bado yuko katika majaribio. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema ya kwamba kibarua akifanya kazi siku za mfululizo zisizopungua mwezi mmoja kwa jumla, kazi yake yahesabiwa kuwa ya mshahara wa mwezi. Na akiendelea miezi miwili au zaidi, ana haki za mfanya kazi wa kweli: siku ya kupumzika katika kila siku saba, likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka, ruhusa ya ugonjwa, na notisi. Ukibarua wa miaka mitatu haumo katika sheria.

Njia ya pili ni glasi na mteja aliyetoroka. Sahani ikivunjika, weita hukatwa. Mteja akiondoka bila kulipa, weita hukatwa. Kifungu cha 19 chasema ya kwamba tajiri aweza kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyotoka kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Glasi iliyoteleza katika mkono wenye sabuni saa nne ya usiku si kosa la makusudi. Na kwa pesa zilizopungua, sharti liwe katika mapatano ya kazi kwamba mtu huyo alikabidhiwa kupokea na kutunza pesa, kisha ionekane kwamba alizembea au alikosa uaminifu. Weita si polisi wa kumkimbiza mteja mpaka stendi.

Njia ya tatu ni bakshishi. Zamani mteja aliweka shilingi chini ya sahani, nawe ukaziona kwa macho. Sasa wateja wengi hulipa kwa simu, na bakshishi yao huingia pamoja na bei katika akaunti ya tajiri. Je, hutoka? Mahali pengine hutoka yote na kugawanywa vizuri mpaka kwa mwosha vyombo, nasi twawashukuru matajiri hao. Mahali pengine huingia kama maji mchangani. Kuna mwenzetu mmoja aliyemwuliza meneja habari hiyo kwa adabu, na juma lililofuata jina lake halikuwa katika orodha ya zamu.

Njia ya nne ndiyo hii ya zamu zinazonyweshwa. Katikati ya mwezi wateja hupungua, na mtu huitwa kazini saa moja, akaambiwa saa tano arudi nyumbani, halafu aitwe tena jioni. Nauli amelipa mara nne. Siku yake imekwisha, nusu ya malipo imekwenda, na hakuna kazi nyingine awezayo kuifanya.

Tusisahau Machi 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia nchini na mikahawa ikafungwa. Wenye mapatano ya maandishi walikuwa na karatasi ya kushika mkononi wakauliza haki yao. Vibarua walikuwa na nini? Waliondoka na aproni.

MAKOSA YETU SISI

Haitakuwa haki kuwasema matajiri tu. Kwanza, wako miongoni mwetu wanaokwenda mlango wa pili wakasema, "Mfukuze huyo, mimi nitafanya kwa Shs. 300 kwa siku." Mtu wa namna hiyo anajiona mjanja. Ajue kwamba kesho atakuja mwingine wa Shs. 250, naye atatoka kwa mlango ule ule alioingilia.

Pili, vijana waliojifunza mashine ya kahawa huhama kila baada ya miezi michache kwa nyongeza ya Shs. 500. Hatuwakatazi kutafuta maisha. Lakini tajiri mdogo aliyemfundisha mtu kazi kisha akanyang'anywa na kampuni huacha kabisa kufundisha, na nyongeza ile ya mtu mmoja haijengi kitu. Angebaki akaandikisha wenzake, wangepata wote.

Tatu, huduma. Mteja akinuniwa, akaletewa kahawa baridi na meza chafu, hatarudi, nasi ndio tutakaoambiwa kwamba hakuna kazi. Anayedai mshahara mzuri sharti kazi yake imwombee.

TUNATAKA NINI

Hatutaki mikahawa ipunguke. Mikahawa mingi ni kazi nyingi. Wala hatutaki ushindani ukome. Na washindane! Washindane kwa kahawa nzuri, kwa mikate ya asubuhi ile ile, kwa choo safi, kwa bei ya keki, kwa kukumbuka jina la mteja. Lakini kuna kitu kimoja twataka kiondolewe katika mashindano, nacho ni mshahara. Mashindano ya mpira yana kanuni. Kila timu hutafuta bao kwa ufundi wake, lakini hakuna inayoruhusiwa kuvunja miguu.

Mtu atauliza, si kuna mshahara wa chini wa Serikali? Upo, na ni haki yetu. Ulipandishwa kwa asilimia 6 kuanzia tarehe 1 Novemba 2024. Katika jedwali la amri hiyo weita na mpishi wako mstari mmoja na tanboi na mkata mawe, na safu ya majiji iko juu ya safu za miji mingine. Kila mwanachama na aulize leo: nalipwa kwa safu ya jiji au kwa safu ya kijijini? Lakini mshahara wa Serikali ni sakafu ya udongo. Haukusema habari ya bakshishi, wala ya nauli ya usiku, wala ya zamu zilizokatwa katikati. Hayo yataka mapatano.

Na mapatano ya mkahawa mmoja peke yake hayatoshi. Hapa ndipo kiini cha maneno yetu. Tajiri mwema akikubali masharti mazuri leo, na jirani yake akaendelea kulipa vibarua Shs. 300, yule mwema ataanguka, na wema wake utaanguka naye. Kwa hiyo twataka mapatano ya pamoja kwa mikahawa ya Nakuru: kiwango kimoja cha chini kwa kila kazi, kanuni moja ya bakshishi, kanuni moja ya vyombo vilivyovunjika, na orodha ya zamu kutolewa mapema.

Je, jambo hili ni ndoto? Mahoteli makubwa ya nchi hii kwa miaka mingi yamekaa meza moja na chama cha wafanya kazi kwa njia ya umoja wao wa wenye mahoteli, na bado yanashindana kwa vyumba na kwa wageni. Mkataba wa Mahusiano ya Viwanda wa 1962 uliwekwa na Serikali, matajiri na vyama kwa wazo hilo hilo la kuzungumza kabla ya kugombana. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yatoa haki ya kujiunga na chama. Na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kifungu cha 54, yasema ya kwamba tajiri sharti akikubali chama kilicho na zaidi ya nusu ya wafanya kazi wake wanaostahili kuingia chamani. Kifungu hicho hicho chasema hivyo hivyo kwa kundi la matajiri wanaosimama pamoja. Mapatano yakiisha kuandikishwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, yana nguvu ya kuwafunga waliotia sahihi.

Tajiri mdogo atasema, "Mkiniletea hayo nitafunga." Twamjibu kwa heshima: bwana, au mama, wewe ndiwe wa kwanza wa kuyataka. Leo humwogopi mwenye kahawa bora kuliko yako. Wamwogopa yule anayeuza rahisi kwa sababu halipi watu. Mapatano yakimfunga yeye pia, umepata usingizi. Kama nyongeza yote kwa mara moja ni nzito, njoo mezani useme, na twaweza kupatana ije kwa hatua. Kitu tusichokubali ni kulipa sisi bei ya ubao wa mlangoni.

Basi kazi iliyo mbele yetu ni ya kuhesabu vichwa. Kila mkahawa uchague mtu mmoja wa kuaminika, wa jikoni au wa mezani. Ahesabu tuko wangapi, wangapi wametia sahihi fomu ya ada ya chama, na wangapi wamebaki ili tupite nusu. Kila mtu aweke karatasi zake: orodha za zamu, ujumbe wa simu wa kuitwa kazini, stakabadhi za malipo. Kibarua asiye na barua ya kazi ana ushahidi katika simu yake. Na msiwaache nje wenzenu wa mikahawa mingine. Mwenye aproni nyekundu na mwenye aproni nyeusi hupanda matatu moja usiku kurudi Kaptembwo, na ndani ya matatu ile hakuna mashindano.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.